Mama Sofa Hampishi Mtu

Mama Sofa alikuwa na maoni mengi kuhusu michezo ya kompyuta, na hakungoja kuulizwa. Ungemkuta karakanani kwake, chumba cha uani chenye harufu ya gundi na sponji mpya, amepiga goti mbele ya kochi lililovuliwa kitambaa, pini zimejaa mdomoni. Mteja akikosea tu kutaja gemu ambayo mwanawe anaililia, pini zilitemwa kiganjani na hotuba ikaanza. Kochi lingesubiri. Mteja naye angesubiri, maana kochi ni lake.

"Gemu ambayo huwezi kuisimamisha ukaenda kuepua sufuria, hiyo si gemu," angesema. "Hiyo ni ajira, tena ya mshahara sifuri."

Kuhusu ugumu wa michezo alikuwa na msimamo mmoja tu. Akiulizwa na kompyuta kama anataka kiwango rahisi, cha kati au kigumu, alichagua rahisi bila kupepesa macho. Kutwa nzima amevuta ngozi na kupiga stepla hadi kiganja kinawaka moto, halafu arudi nyumbani kufukuzwa na mazimwi? Kwa kosa gani? Wanaotaka kuteseka wapo, alisema, na Mungu awabariki, ila yeye asihesabiwe.

Na viti! Usimguse kwenye viti vya wachezaji, vile vyenye mistari myekundu na mabega mapana kama vya dereva wa mashindano. Siku moja aliletewa kimoja kimepasuka, akakifungua. Ndani kulikuwa na vipande vya sponji vya kuokotezwa, vimebanwa kwa utepe. Alimwita mumewe aje ashuhudie. Alimwita jirani. Nadhani kama angekuwa na kipaza sauti angeita mtaa mzima.

Kompyuta za wachezaji ndizo zilizomchekesha zaidi. Alikuwa ameziona dirishani mwa duka moja mjini, ubavu mmoja wa kioo, ndani taa za bluu, za zambarau, za kijani, zinabadilika badilika.

"Taa zinamulika nini humo ndani?" aliuliza. "Kuna mtu anasoma?"

Yake yeye ilikuwa sanduku la kijivu walilolinunua kwenye ofisi iliyokuwa inafungwa. Usoni ilikuwa bado na kibandiko cha MALI YA OFISI, USIHAMISHE. Feni yake ilikohoa ikiwashwa, ikakohoa tena ikizimwa, na katikati ilinguruma tu kwa kuridhika. Humo ndani kulikuwa na gemu moja ya maana, ya mbio za magari, ya zamani kiasi kwamba miti yake ilikuwa na pembe na watazamaji walikuwa bapa kama maboksi. Lakini walishangilia, hao maboksi. Mama Sofa alikuwa akisema kwamba watazamaji wa gemu mpya wana sura nzuri sana na hawana furaha.

Mwenzake wa mbio alikuwa mumewe. Huyu alikuwa karani wa ghala la vifaa vya ujenzi, mtu mpole, mwangalifu, wa kutazama kulia na kushoto hata kwenye barabara isiyo na gari. Akishika rimoti ya gemu, shetani gani sijui alimpanda. Hakupunguza mwendo kwenye kona, hakupunguza kwenye mteremko, hakupunguza akiona ukuta. Mkewe alimbatiza jina la Breki kwa sababu hajawahi kuikanyaga, na jina likashika hadi ghalani.

Walicheza baada ya chakula cha jioni, kabla vyombo havijaoshwa. Skrini iligawanyika mara mbili, nusu ya juu ya Breki, nusu ya chini ya Mama Sofa, naye tangu siku ya kwanza aliambiwa na mumewe kwamba nusu ya chini ndiyo inayoonekana vizuri. Mambo yote mazito ya nyumba ile yaliamuliwa hapo. Binti yao alipotaka kuolewa na mpiga picha asiye na studio, walikubaliana wakiwa kwenye mzunguko wa mwisho. Paa lilipoanza kuvuja, lilijadiliwa kati ya kona na kona. Macho yakiwa mbele, ulimi hupata uhuru. Wakikaa mezani uso kwa uso kila mmoja alichunga maneno, lakini wakiwa wanafukuzana walisema kilichokuwa moyoni na hakuna aliyenuna, maana hapakuwa na nafasi ya kununa.

Kisha Breki akapata kiharusi.

Kilikuwa kidogo, daktari alisema, na Mama Sofa alitamani kumuuliza kikubwa kinafananaje. Mdomo ulipinda ukanyooka. Maneno yalikuja kwa kuburuta, baadaye yakaja kama zamani. Mguu ulibaki na uzito kidogo ambao mgeni hauoni. Mkono wa kulia ndio uliokataa kurudi wote. Uliweza kushika kikombe kama kikombe hakijajaa. Kufunga kifungo cha shati kulichukua muda, na vidole viwili vya mwisho vilikuwa kama vya mtu mwingine.

Alirudi kazini, wakampa meza karibu na mlango. Akajifunza kuandika kwa kushoto. Watu wakamsifu. Jioni moja wakawasha gemu, na gari lake likapiga ukuta, likageuka, likapiga ukuta ule ule. Hakutukana. Aliweka rimoti mezani taratibu, akasema, "Nimechoka leo." Kesho yake alichoka tena. Wiki ile ile rimoti ikaingia kabatini, na Breki akaanza kulala mapema, mara tu baada ya chakula, kama mgonjwa wa wodini.

Mama Sofa aliosha vyombo peke yake katika nyumba iliyonyamaza. Alijaribu kuzungumza naye mezani, wakazungumzia chumvi. Alimkumbuka sana, na mtu mwenyewe alikuwa chumba cha pili. Alihofia kwamba ukimya ule ukikaa utazoeleka, na kwamba waliobaki mle ndani watakuwa mtu na muuguzi wake.

Wifi yake, dada mkubwa wa Breki, ambaye alikuja kila Jumapili na kapu la matunda na kapu lingine la ushauri, aliona jambo lile kwa namna yake.

"Si niliwaambia hayo magari yenu yatawapandisha presha?" alisema. "Wazee wazima! Mwache apumzike, wifi yangu. Mkono umekataa, umekataa."

Mama Sofa alikuwa ameshika mto wa kochi. Aliuweka chini kabla haujaruka wenyewe.

Mtu wa ufundi akiona kitu hakifanyi kazi, hutafuta kifaa chenye kosa. Mama Sofa akaamua kosa ni la rimoti, wala si la mume. Kifaa chenyewe kilitengenezwa kwa mtu mwenye mikono miwili isiyo na historia. Jumamosi akavaa viatu vya kutokea, akaenda kwenye lile duka la taa.

Muuzaji alikuwa bwana mnene mwenye miwani, mstaarabu, mwenye sauti ya kubembeleza wateja.

"Karibu, mama. Unamtafutia kijana?"

"Najitafutia mwenyewe."

"Sawa kabisa. Unapendelea michezo gani?"

"Ya magari." Akamtajia gemu yenyewe. Muuzaji akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mama, hiyo bado ipo?"

"Ipo, na miti yake."

Bwana yule akaanza kumtembeza. Hii ina kadi ya picha ambayo utaona hadi jasho la dereva. Mama Sofa akasema jasho analiona kazini bure. Hii ina feni tano. Akauliza kama inauzwa na blanketi. Kile kiti kule ni cha wachezaji wa kulipwa. Akakibonyeza kwa kidole gumba, akamtazama muuzaji kwa huruma, akapita. Yule bwana alianza kufurahia, ukimtazama ungejua, na hapo ndipo Mama Sofa alipomweleza ukweli: kuna mume, kuna mkono, kuna vidole viwili visivyosikia.

Muuzaji akaacha kubembeleza. Akaingia stoo, akatoka na boksi lenye vumbi. Ndani kulikuwa na rimoti ambayo kazi za vitufe vyake unaweza kuzihamisha upendavyo, za kulia zote zikaenda kushoto, na pedeli ya chini ya kukanyaga kwa mguu kwa ajili ya mafuta na breki.

"Breki hataihitaji," alisema Mama Sofa, na muuzaji hakuelewa kwa nini mama wa watu anacheka na macho yamejaa maji.

Kulikuwa na tatizo moja. Sanduku lile la kijivu lilikuwa la zamani mno kuitambua rimoti hiyo. Kompyuta ya mtumba iliyoweza, na ambayo mfuko wake uliimudu, ilikuwa moja tu pale dukani. Ilikuwa nyeusi. Ilikuwa na ubavu wa kioo. Ilikuwa na taa.

"Zinazimwaje?" aliuliza.

"Hizi, mama, zimekwama. Haizimiki hata moja."

Ndivyo mkosoaji mkuu wa taa za kompyuta alivyopanda gari kurudi nyumbani amepakata disko. Muuzaji alikuwa ameihamishia ile gemu ndani yake, na alimsihi asiizibe matundu ya hewa. Mama Sofa aliishonea gauni la kitambaa cha kochi la mtu, rangi ya kahawia, akaacha nafasi pale feni inapopumulia, na ukosi mzuri juu. Taa zilipenya kidogo kwenye mishono. Akasema hapo sawa, sasa ina adabu.

Kisha akatengeneza kilicho muhimu. Alichukua ubao, akauzungushia sponji ngumu ile anayowawekea wateja wanaolipa, akauvika ngozi laini, akaifunga rimoti juu yake ili ikae pajani bila kushikwa. Mkono wa kulia ulipata mahali pa kulala. Wa kushoto ulipata kazi. Alipoukabidhi, Breki aliugeuza geuza, akapitisha kidole kwenye mshono, akasema, "Umeweka ile sponji ya gharama." Macho yake yalikuwa yamelainika. Akakaa.

Mwanzo aliyumba. Mkono wa kushoto ulikuwa mwanafunzi, mguu ulikanyaga mafuta kwa pupa. Lakini alikuwa anaendesha, kona moja, kona mbili, anauacha ukuta salama. Na akashinda! Maboksi yakashangilia. Mama Sofa akapiga makofi akamwambia hongera, wewe bado ni wewe. Kesho yake akashinda tena. Kesho kutwa pia. Mama Sofa aliosha vyombo akiimba, na Jumapili alimsimulia wifi yake kila kitu kwa mbwembwe, akimtazama usoni wakati wote ili asikose chochote.

Lakini Breki, kila aliposhinda, alizidi kunyamaza. Jioni moja gari lake likiwa limetangulia, mstari wa mwisho unaonekana, aliinua mguu kutoka kwenye pedeli. Gari likasimama barabarani. Akautoa ubao pajani, akauweka kando.

"Sichezi tena."

"Mkono umechoka?"

"Mkono hauna neno."

"Basi nini, baba? Kiti? Nikutilie mto?"

"Darajani pale," alisema Breki. "Kuna nini siku hizi?"

"Darajani? Hakuna kitu."

"Ndiyo maana nauliza."

Hapa inabidi nieleze. Katika njia waliyoipenda palikuwa na daraja jembamba, lisilopitisha magari mawili, na mto chini yake. Kwa miaka yote ya mbio zao, Mama Sofa alikuwa na tabia isiyo na utetezi. Mumewe akitangulia, alimvizia hapo akampiga ubavuni, gari likaruka ukingo likaingia majini. Akitangulia yeye, alijifanya ameharibikiwa mpaka mume akaribie. Breki alilalamika kila mara. Aliiita uhuni, aliiita ujambazi, aliwahi kutishia kumshtaki kwa mama mkwe.

"Umeacha kunigonga," alisema sasa.

"Nilidhani..."

"Ulidhani sioni. Nusu yako ya skrini iko mbele ya macho yangu, mwanamke. Nakuona ukifika pale unakanyaga breki. Unaningoja nipite. Unanipisha kama gari la wagonjwa."

Mama Sofa aliiweka rimoti yake mezani.

"Siku tuliyotoka kumzika mama yako," Breki aliendelea, "ulikuwa bado na nguo za msiba, macho yamevimba. Nikawasha gemu nikuchangamshe. Ukanitupa mtoni. Nikajua kesho utaamka." Akavuta pumzi. "Kazini wananipisha mlangoni hata wenye mizigo kichwani. Dada yangu ananikatia nyama. Nimewavumilia wote, wanafanya kwa wema. Lakini wewe, Mama Sofa? Hata wewe?"

Aibu ilimpanda Mama Sofa toka miguuni. Alikuwa ametengeneza ubao, amevumilia taa, amebishana na wifi, yote ili mumewe arudi. Na aliporudi akamkalisha kwenye meza karibu na mlango, kama kule ghalani. Alitaka kuomba radhi. Akamtazama mtu wake usoni, akaona kwamba akimwomba radhi kwa ile sauti ya upole atakuwa anampisha tena.

"Chukua ubao wako," alisema.

"Wa nini?"

"Chukua, usinipotezee muda. Vyombo vinaningoja."

Wakaanza upya. Breki alitangulia, maana hakujifunza kupunguza mwendo hata baada ya hospitali. Daraja likatokea. Kidole cha Mama Sofa kilikuwa kizito, hilo lazima lisemwe; kwa sekunde ile alimwona mumewe kitandani na mdomo uliopinda, akakaribia kukanyaga breki. Halafu akabonyeza mafuta hadi mwisho. Akampiga ubavuni. Gari la Breki likapaa, likajigeuza hewani, likazama majini tumbo juu.

Maboksi yalishangilia tu, hayana ubaguzi.

"Tena," alisema Breki.

Akazama tena. Mbio ya tatu alijaribu kumkwepa, akagonga nguzo, mkewe akapita akipiga honi. Ya nne Mama Sofa alimngoja kabisa, amesimama katikati ya daraja kama mwenye nalo. Breki hakushinda hata mara moja. Uso ulimwiva. Akamwita mwizi wa barabara. Mama Sofa akamwambia kama hawezi moto akakae na dada yake akatiwe nyama. Breki akasema hiyo nyama yenyewe ni ngumu kama makochi yake. Walipandishiana sauti hadi jirani akagonga ukuta, na Mama Sofa, aliyekuwa akifurahi kupita kiasi, akamjibu jirani vilevile.

Breki alikwenda kulala amenuna, hakuaga. Mama Sofa aliviosha vyombo akimwaga maji kila mahali na hakujua kama ametibu au ameua.

Kesho yake ilikuwa siku ya mapumziko ya Breki. Asubuhi alikunywa chai akajibu mambo kwa neno moja moja. Mama Sofa akaona amwachie nyumba, akaenda karakanani. Alikuwa na kochi la watu watatu la kumaliza. Akavuta kitambaa kwenye kona ya fremu, akakibana kwa goti, akainua stepla.

Dirisha la sebule lilikuwa wazi upande wa uani. Kwanza kulikuja mlio wa feni. Halafu injini, ikinguruma kwa pupa, bila kupunguza kwenye kona. Halafu kishindo, na mlio wa maji kuruka. Breki alikuwa peke yake mle ndani, hakuna wa kumgonga. Alikuwa ameutafuta ukingo mwenyewe na kuanguka. Injini ikanguruma tena, ikafika pale pale, ikaanguka. Sasa akasikika akiitukana, kwa ufasaha wote wa zamani, ile barabara, ule mto, mkono wake wa kushoto, na ukoo mzima wa mtu fulani anayeshona makochi. Injini ikawaka.

Safari hii ilikwenda taratibu zaidi. Ilipofika kwenye kona ya daraja mngurumo ukashuka, ukashuka kabisa, kitu ambacho Mama Sofa hakuwahi kukisikia kutoka kwa mume wake tangu wanunue gemu ile. Breki amekanyaga breki. Kisha mngurumo ukapanda, ukavuka, ukaendelea kwenda upande wa pili.

Mama Sofa aliketi juu ya kochi la mteja, stepla mapajani, machozi yanamtiririka. Alijua tayari kwamba jioni ile mwizi wa barabara atakiona cha mtema kuni.